Kaya Moja Isihudumiwe kwa Vipande

Moshi, baridi, maradhi na umeme mbovu haviingii katika nyumba ya mtu maskini kwa zamu. Huingia pamoja na kukaa pamoja, na kila kimoja humpa nguvu mwenzake. Lakini huduma zilizowekwa na Taifa ili kupambana na mambo hayo huingia katika nyumba ile ile kwa zamu, kila moja kwa siku yake na kwa daftari lake, na mara nyingi moja haijui kwamba nyingine ilipita jana. Jambo hili linastahili kutazamwa upya nchini kote. Linastahili kutazamwa kwa namna ya pekee katika miji ya Mbulu, Katesh na Haydom, na katika miji midogo mingine ya wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara, ambako hali ya hewa yenyewe hairuhusu mambo hayo yatenganishwe.

Haifai kusema kwamba maskini wa wilaya hizo wamesahauliwa. Mipango ipo, tena mingi. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza mwaka 2000, unazo orodha za kaya maskini na umekuwa ukizipa ruzuku na ajira za muda. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umepeleka nguzo na nyaya mahali ambapo miaka 20 iliyopita palikuwa na koroboi tu. Mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii ulizinduliwa Januari 2024 kwa lengo la kuwa na wahudumu zaidi ya 137,000 nchini katika muda wa miaka mitano. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Mei 2024, na unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Hakuna Serikali isiyojali ambayo ingeweza kuyafanya yote hayo. Swali linalobaki ni kama mipango hiyo, inapofika mlangoni pa kaya moja, inafika ikiwa mkono mmoja au ikiwa vidole vitano visivyojuana.

Anayetaka kulijibu swali hilo na aanze na baridi. Mbulu ni nchi ya juu. Katika miezi ya Juni na Julai usiku wake huwafanya watu walale na moto. Wazee wa Kiiraqw walilijua jambo hilo, na tembe walizojenga zilikuwa jibu lake. Paa la udongo mzito, kuta nene, na nyumba iliyochimbwa kwa sehemu ndani ya kilima. Ng'ombe na mbuzi walilala humo humo, na joto lao likawa joto la watu. Nyumba hizo zilikuwa na mabaya yake, hasa moshi, giza na ukaribu wa watu na mifugo, na hapana sababu ya kuyatamani tena. Lakini zilihifadhi joto. 

Chumba cha mjini cha leo kimejengwa kwa tofali na kuezekwa kwa bati. Hiyo ni hatua ya maendeleo. Hata hivyo, bati lisilo na dari chini yake huachia joto lote la mchana kabla ya usiku wa manane, na huvuja palipotoboka. Mama anayelala humo na watoto wachanga hufanya linalowezekana: huingiza jiko la mkaa chumbani na kuziba mianya kwa magunia. Mkaa unaowaka katika chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na watu wamelala wasiamke kwa sababu yake. Basi hapo ni nani anayehusika? Ni mtu wa afya, kwa sababu kuna hatari ya kifo? Ni mtu wa nishati, kwa sababu kilichotumika ni mkaa? Au ni fundi, kwa sababu chanzo cha yote ni dari isiyokuwapo? Kwa mujibu wa utaratibu wa sasa kila mmoja anaweza kujibu kwa haki kabisa kwamba jambo hilo haliko katika idara yake. Na kwa kuwa kila mmoja anaweza kujibu hivyo, mama huyo hubaki na jiko lake.

Moshi nao una hesabu yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kutokana na uchafuzi wa hewa ya majumbani, na shirika hilo hilo limeeleza kwamba mtoto anayevuta moshi wa jikoni hatari yake ya kupata nimonia huwa karibu maradufu. Nchini Tanzania Serikali imetaja vifo vipatavyo 33,000 kila mwaka vinavyohusishwa na moshi wa kuni na mkaa. Mtoto mwenye nimonia hupelekwa hospitali, hupewa dawa, hupona na kurudishwa nyumbani. Nyumbani anakuta moshi ule ule, paa lile lile na unyevu ule ule wa sakafu. Baada ya wiki chache mama yumo tena katika foleni. Dawa zimetumika, kitanda kimetumika, kazi ya mama imelala, na ugonjwa haujaondolewa mahali ulipozaliwa. Huo si upungufu wa daktari. Daktari anatibu kifua. Nyumba haikupata wa kuitibu.

Ili kupambana na moshi, REA iliandaa mpango wa kuuza mitungi ya gesi ya kilo sita kwa nusu ya bei, mitungi 452,445 kwa nchi nzima, yaani 3,255 kwa kila wilaya. Wilaya ya Mbulu ilipangiwa idadi hiyo, na Hanang vivyo hivyo. Ni jambo jema lililowafikia watu ambao vinginevyo wasingeugusa mtungi. Lakini mtungi una siku chache za uhai. Ukiisha, kujazwa kwake hakuna nusu bei, na kaya inayoishi kwa kibarua cha kila siku hupata fedha zake kidogo kidogo, hali mtungi hautaki kujazwa kidogo kidogo. Mkaa huuzwa kwa kopo. Gesi huuzwa kwa mtungi. Huyo mama anayerudi kwenye mkaa asidharauliwe kwamba ameikataa nishati safi. Amepiga hesabu ya mfuko wake, na hesabu yake ni sahihi. Tena, ikiwa nyumba yake ni ya baridi, gesi imempikia chakula lakini haikumpa joto, na mkaa aliulipia kwa ajili ya mambo yote mawili. Aliyepanga kugawa mitungi bila kuuliza habari ya paa amelitazama jiko na kuisahau nyumba.

Katika umeme pia yapo mambo ambayo hayaonekani mpaka mtu aingie ndani. Kwa viwango vilivyotangazwa mwaka 2022 kuunganishiwa umeme kijijini kulipangwa kuwa shilingi 27,000, na mjini shilingi 320,960 kwa mteja mdogo aliye karibu na nguzo. Kwa kaya iliyo pembezoni mwa mji unaokua, kuitwa ya kijijini au ya mjini ni tofauti ya karibu shilingi 294,000, hata kama mapato ya kaya hiyo hayatofautiani na ya jirani aliye upande wa pili wa barabara. 

Kisha ipo habari ya mita. Katika bei zilizotangazwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa yuniti, na mtumiaji wa kawaida shilingi 292, mbali na kodi. Nia yake ilikuwa kumsaidia maskini. Lakini maskini wa mjini mara nyingi ni mpangaji. Anaishi katika nyumba ya vyumba sita yenye kaya sita na mita moja. Kila kaya inatumia kidogo, lakini mita inahesabu jumla, nayo jumla huvuka yuniti 75. Hivyo kaya sita maskini hulipa kama tajiri mmoja, na nafuu iliyowekwa kwa ajili yao huwapita. Nyaya za nyumba kama hiyo pia huwa zimeungwa na kuungwa tena, chumba kwa chumba, na mtu yeyote mwenye koleo. Soketi iliyolegea na waya uliochunwa ni moto unaosubiri siku yake. Mwenye nyumba hana haraka ya kutengeneza, na mpangaji hana mamlaka ya kutengeneza.

Mfano mmoja unaoihusu Mbulu hasa unaonyesha jinsi mambo haya yasivyoweza kugawanywa. Katika miaka ya 2000 watafiti waliofanya kazi na Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, hospitali inayowahudumia watu wa eneo hilo tangu mwaka 1955, waliuchunguza ugonjwa wa kifafa katika vijiji vinavyoizunguka. Ugonjwa huo unatibika kwa dawa zisizo ghali. Hatari yake kubwa mojawapo ni kuanguka motoni. Mgonjwa anayeishi katika nyumba yenye mafiga matatu chini, katikati ya chumba, anaweza kukosa dozi siku moja tu na akabaki na kovu la maisha au kupoteza mkono. Dawa pekee haimkingi kikamilifu, na jiko lililoinuliwa pekee halimtibu. Anavihitaji vyote viwili. Basi mwenye kumpa dawa na mwenye kumjengea jiko hawana budi kujuana.

Ni kwa nini hawajuani? Si kwa sababu watumishi ni wabaya. Wengi wao wanafanya kazi katika mazingira magumu, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii hutembea kwa miguu milima na mabonde. Sababu ni kwamba kila mmoja amewekewa njia yake ya kwenda juu. TANESCO na REA wanaripoti katika Wizara ya Nishati. TASAF iko chini ya Ofisi ya Rais. Mganga Mkuu wa Wilaya yuko katika halmashauri na anaangalia TAMISEMI na Wizara ya Afya. Kila njia ina kipimo chake: wateja wangapi wameunganishwa, mitungi mingapi imegawiwa, kaya ngapi zimelipwa, watoto wangapi wamechanjwa. Vipimo hivyo vyote ni halali. Ila hakuna kipimo kinachouliza kaya ngapi zimetoka katika moshi, baridi na hatari ya moto kwa pamoja na zikabaki nje yake mwaka mzima. Na mtumishi, kama binadamu yeyote, hufanya bidii katika lile atakaloulizwa. Huo ndio urasimu ambao Chama kimekuwa kikiupiga vita tangu enzi za TANU; urasimu wa namna hii haumwombi mtu rushwa wala haumtukani, bali humwambia kwa upole kwamba amekosea dirisha.

Wapo watakaosema kwamba kuziunganisha idara ni ndoto nzuri isiyotekelezeka. Wilaya ya Hanang yenyewe imekwisha kuwajibu. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimomonyoka na tope lenye mawe na magogo likaishukia Katesh na vijiji vya jirani, Jorodom na Gendabi vikiwamo. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha, na mamia ya kaya zikabaki bila makazi. Katika siku hizo hizo Rais alikuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa hali ya hewa, ambako alikuwa amezindua mpango wa kuwasaidia wanawake wa Afrika kupata nishati safi ya kupikia. Aliikatiza ziara yake akarejea nchini na kwenda Katesh.

Yaliyofuata ni fundisho. Jeshi, madaktari, mafundi wa umeme, watu wa maji, watu wa barabara, Msalaba Mwekundu na ustawi wa jamii walikaa mahali pamoja na kufanya kazi kwa orodha moja ya waathirika. Hakuna mama aliyeambiwa arudi kesho kwa sababu habari ya mtoto wake ni ya idara hii na habari ya godoro lake ni ya idara ile. Nyumba zaidi ya 100 zilijengwa Waret, SUMA JKT na Msalaba Mwekundu wakishiriki, na zikakabidhiwa Desemba 2024. Aliyepewa nyumba hakupewa bati leo, ukuta mwakani na waya mwaka wa tatu. Alipewa makazi.

Hapana anayesema kwamba Serikali imjengee kila maskini nyumba mpya. Uwezo huo haupo, na kusema vinginevyo ni kuwadanganya wananchi. Hoja ni nyingine. Ikiwa idara ziliweza kukaa meza moja kwa ajili ya kaya zilizopigwa na tope kwa usiku mmoja, zinaweza kukaa meza hiyo hiyo kwa ajili ya kaya zinazopigwa na moshi kwa miaka ishirini. Tope la Hanang lilionekana na dunia nzima. Moshi wa jikoni hauonekani nje ya mlango, lakini nao huzika watu, mmoja mmoja, bila tangazo.

Taifa hili pia lina kumbukumbu ya kale zaidi. Mwaka 1973 iliendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya. Radio, vijitabu, vikundi vya kujisomea, maofisa wa afya, walimu na viongozi wa Chama waliunganishwa katika kazi moja kwa majuma 12, na watu karibu milioni mbili walishiriki katika vikundi zaidi ya 70,000. Watu walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakatoka na majembe kwenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kusafisha visima. Siri ya kampeni hiyo haikuwa fedha, kwa maana Taifa lilikuwa maskini kuliko lilivyo leo. Siri ilikuwa kwamba elimu, afya na kazi ya mikono vilifika kwa mwananchi katika saa moja na kwa sauti moja.

Hata nchi zenye mali zimelazimika kujifunza jambo hilo. New Zealand, taifa lenye hospitali nzuri, liligundua kwamba watoto wa familia maskini walikuwa wakirudi wodini mara kwa mara kwa sababu ya nyumba zao za baridi na unyevu. Kuanzia mwaka 2013 likaanzisha mpango ambao mtoto aliye hatarini akitambuliwa na watu wa afya, jina la familia yake hupelekwa kwa wanaoshughulikia nyumba, ili ipatiwe mapazia, vitanda, vya kupashia joto na matengenezo. Kama nchi tajiri imeona kwamba ni nafuu kuikausha nyumba kuliko kumlaza mtoto, nchi yenye vitanda vichache ina sababu kubwa zaidi ya kuona hivyo.

Nini basi kifanyike Mbulu na Hanang? Jambo la kwanza ni daftari moja. Orodha ya kaya maskini ya TASAF ipo. Mabaraza ya madiwani yanaweza kuagiza kwamba orodha hiyo iwe ndiyo msingi wa ugawaji wa mitungi, majiko banifu, vifaa vya UMETA vinavyoiwezesha nyumba ndogo kupata umeme bila kutandaziwa nyaya nyumba nzima, na msamaha wa matibabu, kwa kuongeza kaya za wapangaji ambazo orodha huzikosa kwa kuwa huhamahama. Habari za ugonjwa wa mtu zibaki kwa mhudumu wa afya, kama maadili yanavyotaka. Wengine inawatosha kujua kwamba nyumba hiyo inahitaji kutangulizwa.

Jambo la pili ni ziara ya pamoja. Mhudumu wa afya ndiye anayeingia ndani ya nyumba mara nyingi kuliko mtumishi mwingine yeyote. Apewe maswali machache ya kuongeza katika kazi yake: moto unawashwa wapi, paa linavuja, dirisha linafunguka, waya umechunika, nani analala karibu na jiko. Majibu yaende kwa Mtendaji wa Kata, na Kamati ya Maendeleo ya Kata iyajadili kila kikao kama inavyojadili ujenzi wa madarasa. Ni lazima mtumishi mmoja wa halmashauri atajwe kwa cheo kuwa mwenye dhamana ya jambo hili. Mzigo usio na mwenyewe huachwa njiani.

Jambo la tatu ni mafundi, na hapa ndipo pana utajiri ambao haujatumiwa. Vijana waliotoka VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi wakiwa na ujuzi wa uashi, useremala na umeme wako mitaani wakisubiri kazi. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Vikundi vya mafundi vipewe mikopo hiyo kwa vifaa, na mafundi umeme wasaidiwe kupata leseni ya EWURA, ili kazi ya kuziba paa, kuweka dari, kutoboa tundu la moshi, kuinua jiko na kurekebisha nyaya ifanywe na watu wanaojulikana na watakaopatikana kitu kikiharibika tena. 

Jambo hili la mwisho si dogo. Tangu CAMARTEC ilipoanzishwa Arusha mwaka 1981 kanda ya kaskazini imekuwa ikifundishwa kutengeneza gesi ya samadi, nishati inayowafaa watu wenye ng'ombe kama walivyo wa Mbulu na Hanang. Mtambo wa gesi hiyo unaweza kufanya kazi miaka mingi, lakini ukipata ufa na fundi hayupo hugeuka shimo la kutupia taka. Kifaa kisicho na fundi ni zawadi ya muda. Aidha, ajira za muda za TASAF, ambazo kwa kawaida huelekezwa kwenye barabara na malambo, zinaweza pia kusaidia matengenezo ya nyumba za wazee na wagonjwa wasiojiweza.

Jambo la nne ni mpangilio. Mambo hayo yakifanywa kinyumenyume ni hasara. Kuweka waya mpya chini ya paa linalovuja ni kununua moto. Kugawa mtungi katika chumba cha baridi ni kumpunguzia mama kuni za mchana na kumwachia mkaa wa usiku. Paa, dari na tundu la hewa vitangulie, nyaya zifuate, jiko lije baada ya hapo, na mhudumu wa afya arudi baada ya miezi mitatu na baada ya mwaka kuangalia kama kikohozi kimepungua. Mpangilio wenyewe hauongezi gharama. Unazuia fedha ile ile isitumike mara mbili.

Jambo la tano linawahusu wenye nyumba. Anayepangisha vyumba kwa maskini ana haki ya kodi yake, lakini hana haki ya kupangisha mtego. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo zitakazomtaka aweke nyaya salama na dirisha linalofunguka. TANESCO nayo iangalie jinsi ya kuzifikishia kaya zinazochangia mita nafuu iliyokusudiwa kuwa yao. Nafuu inayomfikia mtu mwenye mita yake na kumkwepa asiye nayo imekosea njia.

Katika kazi hii Chama kina nafasi kubwa, na pia kina mpaka. Balozi wa shina anajua ni nyumba gani katika eneo lake inayotoa moshi usiku kucha na ni mzee gani hajaonekana siku mbili. Hakuna kompyuta ya wizara inayojua hayo. Maarifa hayo na yatumike. Lakini huduma ya Serikali haiulizi kadi. Ikitokea hata mara moja kwamba kaya imeachwa kwa sababu ya itikadi ya mwenyewe, au imetangulizwa kwa sababu ya undugu na kiongozi, daftari litakuwa limekufa na wananchi hawataliamini tena. Majina yabandikwe hadharani katika ofisi ya mtaa na ya kitongoji, na mkutano wa wananchi uwe na haki ya kuuliza kwa nini huyu yumo na yule hayumo. Kazi ya balozi ni kuonyesha njia. Si kazi yake kulinda lango.

Watakuwapo watakaosema kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli, na ndiyo maana zilizopo zisitawanywe. Kila wizara ikitumia shilingi yake peke yake katika nyumba moja, nyumba hiyo itapata robo ya paa, robo ya waya, robo ya jiko na robo ya tiba, na robo nne za namna hiyo hazifanyi kitu kizima. Afadhali mwaka wa kwanza zichaguliwe kaya chache katika mitaa michache ya mji wa Mbulu, katika vitongoji vya Katesh na katika Haydom, zihudumiwe kikamilifu, na hesabu itolewe hadharani: kuni na mkaa kiasi gani vimepungua, watoto wangapi wamerudi hospitali, nyumba ngapi zimepata ajali ya moto. Ikionekana kwamba mpango haufai, na urekebishwe. Ukifaa, Manyara itakuwa imeionyesha nchi njia, kama ambavyo wilaya hizo zimewahi kuionyesha nchi ustahimilivu katika msiba.

Waasisi wa Taifa hili walitaja maadui watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Hawakuwataja kama maadui wa wizara tatu. Waliwataja pamoja kwa sababu waliwaona wakiishi pamoja, chini ya paa moja na kuzunguka mafiga yale yale. Viongozi wa Chama na Serikali katika wilaya za Mbulu na Hanang hawana haja ya kusubiri waraka kutoka Dodoma ili wakae meza moja. Kata zipo, kamati zipo, watumishi wapo, orodha zipo na mafundi wapo. Baridi ya Juni ina tarehe inayojulikana. Dari inayopasa kuwekwa kabla yake haina budi kupangwa katika kikao kijacho.